Kuona kasa, pomboo na nyangumi ukiwa na begi mgongoni: mwongozo kamili wa ufuko wa Watamu hadi Malindi

Kila sikukuu zikiisha napata ujumbe uleule: Tulikwenda Watamu siku tatu, tukatembea mpaka nyayo zikachubuka, tukarudi na picha za mawio tu. Kasa hatukumwona. Pomboo tulisimuliwa na watu wa hoteli ya pili.

Huwa nauliza swali moja: mlikuwa ufukoni saa ngapi, na maji yalikuwaje? Kwenye saa hujibu "saa tano, saa sita hivi." Kwenye maji hujibu "ilikuwa bahari tu." Hapo ndipo safari ilipoharibikia. Viumbe hawa hufuata maji, na maji hufuata mwezi. Wewe ukifuata likizo ya ofisini bila kuutazama mwezi, mtapishana tu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayebeba mwenyewe mzigo wake na asiye na pesa ya kukodi boti kila siku. Njia ni kipande cha pwani ya Kilifi, Kenya, kati ya Watamu na Malindi mjini. Ukifuata ufuko, hakizidi kilomita 20, ila usidhani utakimaliza kwa siku moja. Ukikimaliza kwa siku moja, ujue hukutazama kitu.

## Vitu vya kuandaa

- Ratiba ya maji kujaa na kupwa ya Mombasa, Kilindini au Malindi, ipigie picha simuni. Tofauti kati ya vituo hivi ni dakika chache.
- Darubini. Ile ya 8 kwa 42 inatosha. Zenye nguvu zaidi hutetemeka mkononi, hasa kukiwa na upepo.
- Raba kuukuu zenye soli ngumu, za kukanyagia majini. Kandambili ziache chumbani, zinavuka mguuni na mwamba unakata kama wembe.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake. Nunua yako. Ya kukodi huvuja, utakwenda kulipa ili unywe maji ya chumvi.
- Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, na kikoi. Kikoi ni taulo, shuka, kivuli na pazia la kubadilishia nguo.
- Chupa ya chai inayotunza moto, ijae maji ya moto kila asubuhi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.
- Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, maana kuna vipande virefu visivyo na kibanda.
- Tochi yenye mwanga mwekundu. Ukikosa, funika tochi ya kawaida kwa karatasi nyekundu ya peremende, tabaka mbili.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu na kitambulisho.
- Filimbi na daftari dogo.

Begi lote lisizidi kilo 8. Kwenye mchanga mkavu kilo 12 zinabebeka, lakini kwenye mwamba wenye utelezi kilo 12 ndizo zitakazokuangusha.

## Hatua ya 1: Chagua mnyama kabla ya kuchagua tarehe

Huwezi kuona vyote kwa safari moja. Amua unataka nini hasa.

Nyangumi wa nundu hupita Julai hadi Septemba. Wanatoka maji ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa na kutafutana kwenye maji ya joto. Hiyo ni miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari ina mawimbi na upepo hauna subira. Kama tumbo lako haliwezi boti, hatua ya 6 inaonyesha namna ya kuwatazama kutoka nchi kavu.

Pomboo wapo mwaka mzima, lakini boti hutoka kwa raha kati ya Oktoba na Machi, kusi ikishatulia.

Kasa wapo mwaka mzima pia, na ndio rahisi kuliko wote. Ajabu ni kwamba ndio wanaokoswa zaidi.

Ndege wa ufukoni wa Mida Creek, hori lenye mikoko jirani na Watamu, hujaa kuanzia Agosti hadi Aprili. Yupo mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana kwenye pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, kisha huteremka kula kaa wetu.

Kwa safari ya kwanza ningekwambia uende Februari au nusu ya kwanza ya Machi. Maji ni safi, upepo wa kaskazi umeshapungua nguvu, na joto unalivumilia. Aprili na Mei kaa nyumbani.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui. Mvua za vuli zinaposhuka Novemba, Mto Sabaki hubeba udongo hadi baharini kaskazini ya Malindi. Kaskazi ikianza kuvuma, tope lile husukumwa kusini, na maji ya Malindi yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Wakati huohuo Watamu yanaweza kuwa maangavu. Kwa hiyo ukienda Novemba au Desemba, kuzamia fanya Watamu. Malindi nenda ukale samaki.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja unakwenda kuona nini na mwezi gani.

## Hatua ya 2: Soma mwezi, kisha maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu.

Jambo la kukariri ni hili. Katika pwani hii, bamvua hukupwa mwisho kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Maji mafu ni kinyume chake, saa nne yamejaa, saa kumi yamekupwa.

Nilijifunza hili kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha ratiba kwenye simu, nikamuuliza kama ni sahihi.

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya Oktoba. Akacheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Alitaka mwezi wa juu, si wa ukutani. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, ratiba unaihitaji kwa kuhakikisha tu. Tarehe 1 na 15 na siku mbilitatu zinazofuata ni bamvua. Tarehe 7, 8, 22 na 23 ni maji mafu.

Sasa pangilia shughuli zako:

- Kutembea na kutazama vidimbwi vya mwambani: bamvua. Anza saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, umalize kabla ya saa mbili kupita tangu yaanze kurudi. Dirisha lako ni la muda wa saa nne, zaidi ya hapo ni kujitia mashakani.
- Kuzamia: maji mafu, au saa ile maji yanakaribia kujaa. Mkondo ni mdogo na mchanga haujachafuka.
- Kutazama kasa kutoka juu ya mwamba: maji yanapojaa, wakati wowote wa mwezi.

Njia rahisi ni kufika Watamu siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza unatulia na kutazama kasa. Ya pili unapanda boti. Ya tatu na ya nne ndizo za kutembea, maji yakikupwa saa nne na kitu asubuhi, jua halijachoma.

Onyo: maji yanaporudi hayaji kwa mbele peke yake. Hupitia mifereji na kukuzunguka nyuma, na wewe umeinama unamtazama pweza. Yalinikuta hayo mwaka wangu wa kwanza. Niliona goti limelowa, nikageuka, mchanga niliopitia ulikuwa umeshakuwa bahari. Nilipanda kwenye jabali nikakaa na begi kichwani hadi kijana wa ngalawa aliponiokota. Hakunidai hata senti, ila maneno aliyonipa njia nzima yalitosha kuwa nauli.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja, bila kufungua simu, maji yatakupwa saa ngapi kesho.

## Hatua ya 3: Fika, lala, lipa

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, shuka Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Tafuta chumba kijijini, upande wa ndani wa barabara. Vya upande wa bahari utalipia mandhari ambayo ufuko unakupa bure.

Usipige hema ufukoni. Usalama wako ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine. Kasa jike anayepanda usiku kutaga akikuta mwanga na vishindo hugeuka akarudi majini bila kutaga.

Maji ya Watamu na ya Malindi ni hifadhi za taifa tangu 1968. Ada ya kuingia hulipwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hawapokei noti. Viwango hubadilika na raia hulipa tofauti na mgeni, kwa hiyo angalia kabla ya kuondoka nyumbani. Hifadhi risiti kama picha, mtandao ufukoni una mambo yake. Na akija mtu akakwambia mpe yeye taslimu akupunguzie, msalimie vizuri, endelea na safari.

## Hatua ya 4: Zoeza macho kwa kasa

Watu hukosa kasa kwa sababu hawajui wanatafuta nini. Wanatazamia gamba zima kama la kwenye picha. Kutoka nchi kavu utaona kichwa, sekunde mbili au tatu, basi.

Asubuhi ya kwanza nenda kwenye kituo cha Local Ocean Conservation. Hawa wako Watamu tangu 1997. Mvuvi akinasa kasa wavuni kwa bahati mbaya huwapigia simu, nao huja kumpima, kumtia alama na kumrudisha baharini. Wagonjwa hutibiwa hapo kituoni. Simama karibu na kidimbwi cha mgonjwa umtazame anavyotoka kupumua. Kichwa hupanda kikielekea juu, mdomo hufunguka, utasikia pumzi fupi kama ya mtu aliyetua gunia, kisha huzama bila kurusha tone. Ukishaisikia pumzi ile mara tatu, utaitambua popote.

Jioni fanya hivi:

1. Nenda kwenye kichwa cha mwamba kilichoingia baharini, saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa. Maji yakipanda, kasa huvuka mwamba wa nje na kuingia ndani kula nyasi za baharini.
2. Kaa jua likiwa nyuma yako. Pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga machoni na maji yote yanameremeta kama bati. Alasiri jua liko mgongoni mwako na unaona mpaka chini.
3. Tafuta mabaka meusi chini ya maji. Hizo ndizo nyasi. Chagua baka moja tu.
4. Litazame kwa macho matupu dakika 30, bila simu. Kasa anayekula hupanda kupumua kila baada ya dakika chache. Ukihamahama utakuwa unafika kila mahali alipotoka.
5. Ukiona kitu cheusi kinaelea, hesabu hadi kumi. Nazi itakuwa bado ipo.

Utajua umefaulu ukiona kichwa kilekile mara mbili kwenye baka lilelile. Siku yenye upepo mdogo nimewahi kuhesabu vichwa sita bila kunyanyuka.

## Hatua ya 5: Boti ya pomboo

Pomboo wengi hukaa nje ya mwamba, kwa hiyo hapa utatoa pesa. Zitoe mara moja, lakini vizuri. Tafuteni watu wanne au watano mgawane gharama, halafu mhoji nahodha kabla ya kupatana bei:

- Mnatoka saa ngapi? Jibu zuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Akikwambia "wakati wowote mtakaopenda", huyo anauza viti.
- Una maboya ya kuvaa ya kutosha wote? Ayaonyeshe, asiyaeleze.
- Tukiwakuta, utafanyaje? Unataka kusikia kwamba kasi itapungua, boti itakwenda sambamba nao kwa mbali, na injini haitaelekezwa katikati ya kundi.

Swali la tatu nalijua kwa hasara. Nilipanda boti ya bei ya chini kuliko zote, tukawakuta pomboo kama kumi na watano, na nahodha akawakimbiza. Boti nyingine tatu zikaja kutusaidia kukimbiza. Ndani ya dakika tano tulibaki wanadamu na moshi wa injini.

Ukiwa nje, watafute ndege kwanza. Shakwe na membe wakijirusha majini mahali pamoja, chini kuna vidagaa, na palipo na vidagaa pomboo hawako mbali. Kisha angalia mapezi ya mgongoni yakipanda na kushuka. Pezi la papa hukata maji kwa mstari, la pomboo hubingirika.

Onyo: usijirushe majini katikati ya kundi hata wenzako wakikuhamasisha. Mama na ndama hutengana, na nahodha makini hatakubali.

Utajua umefaulu pomboo wakija wenyewe kwenye omo ya boti na kucheza na wimbi lake. Hilo hutokea boti ikienda polepole kwa mwendo mmoja.

## Hatua ya 6: Nyangumi, Julai hadi Septemba

Nyangumi mzima ana urefu wa mita 13 hadi 15, lakini kwa mbali ni mvuke tu. Tafuta mahali pa juu kadiri unavyoweza, paa la nyumba ya wageni linafaa kuliko ufuko. Pitisha macho taratibu kwenye mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, nje ya povu la mwamba.

Unachotafuta ni kishada cheupe kinachosimama wima, kisha kinalegea na kuyoyoma. Povu la wimbi hutambaa kwa upana na mvuke wa nyangumi husimama. Ukiuona, ganda hapohapo na darubini. Atapumua mara kadhaa kisha atazama, na anaweza kukaa chini dakika kumi au zaidi kabla ya kuibuka mbele kidogo. Wengi huondoka dakika ya nane.

Siku ya kusi kali, bahari yote ikiwa na vilele vyeupe, usijisumbue. Nenda Mida ukatazame ndege, kule ndani ya mikoko upepo haufiki.

Ukiamua kupanda boti, mwambie nahodha abaki angalau mita 100 mbali, na asikatize njia ya mbele yake.

Utajua umefaulu ukiona mvuke mara tatu kwenye mwelekeo mmoja. Akichupa mwili mzima nje ya maji ni bahati yako, hakuna mwongozo wa hilo.

## Hatua ya 7: Siku ya kwanza ya kutembea, Watamu hadi Mayungu

Begi kubwa liache chumbani. Beba maji, chupa ya chai, darubini, mahamri na mbaazi kwenye kopo. Jioni utapanda bodaboda kutoka Mayungu kurudi kulala Watamu, kesho unaanzia hapo ulipoishia.

Ondoka saa mbili kabla ya maji kufika chini. Kuna vichwa vya mwamba njiani ambavyo ufuko wake hupotea maji yakijaa, na hapo ndipo wasafiri hukwama. Vipite kwanza. Vidimbwi vya mbele yake ndivyo vya kukaa.

Kidimbwi kimoja kinatosha kwa nusu saa. Chuchumaa kivuli chako kisianguke majini. Dakika mbili za kwanza hutaona kitu, kila chenye macho kimejificha. Baadaye kaa mdogo atatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, ulichodhani kimekufa kitakuwa kimesogea upana wa kidole. Na jiwe lile la kahawia lenye vipele, ukilikazia macho, litakutazama: jicho lina mstari mweusi wa kulala, ngozi inapwita, na rangi inabadilika kutoka kahawia kwenda kijivu mbele yako kama kitambaa kinachokauka. Huyo ni pweza. Mwache.

Maonyo ya hapa hayana mzaha:

- Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe. Hukatika chini ya mguu mmoja, na kurudi kwake ni kwa miaka.
- Penye maji na mchanga, kokota miguu badala ya kuinyanyua. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala amejifukia, akisikia mtikisiko huondoka, akikanyagwa huchoma.
- Usiokote kombe zenye umbo la pia, yaani koni, hata zikipendeza vipi. Baadhi zina mwenyewe ndani, na mwiba wake una sumu inayoweza kuua. Ndani ya hifadhi kuokota kombe ni kosa kisheria hata hivyo.
- Samaki jiwe hufanana na mwamba hasa. Ndiyo maana ya raba.

Ukichomwa na taa au samaki jiwe, hapo ndipo chupa ya chai inapopata kazi. Changanya maji yake kwenye kopo au mfuko hadi yawe ya moto kiasi ambacho mguu mzima unavumilia, yajaribu kwanza kwa mguu usioumwa, maana wenye maumivu haupimi vizuri. Loweka, ukiongeza ya moto, kwa nusu saa au zaidi. Joto hupunguza maumivu ya sumu hizi. Kisha nenda hospitali hata kama umeanza kujisikia nafuu. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba.

Utajua umefaulu ukifika Mayungu mchanga ukiwa bado mpana, na mahamri yameisha.

## Hatua ya 8: Siku ya pili, Mayungu hadi Malindi

Leo maji yanakupwa dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa hiyo una muda wa kunywa chai. Begi lote liko mgongoni.

Kabla ya kuanza, pita wanakoteremsha samaki. Salimia, uliza bahari imeamkaje. Wavuvi hawa wameona kila kitu kilichopita usiku, na swali la "mmekutana na kasa leo?" hufungua mazungumzo kuliko la bei ya samaki.

Kutoka hapo hadi Casuarina, ufuko wa kusini mwa Malindi mjini, ni mchanga mwingi na mwamba kidogo. Hapa usitafute vidimbwi, tafuta alama. Kasa jike akipanda kutaga huacha nyayo mbili sambamba kama za trekta ndogo, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka, na juu yake mchanga umefukuliwa. Ukizikuta asubuhi, zunguka kwa mbali, usizifute, usitomase mchanga. Piga picha, chukua alama ya mahali kwenye ramani ya simu, uwapigie watu wa kasa wa Watamu au askari wa KWS. Kiota kina mayai mia moja hivi, na huchukua karibu miezi miwili kuangua.

Kutembea usiku kutafuta kasa wanaotaga fanya na wenye kazi hiyo tu. Mkimkuta, tochi nyekundu peke yake, kaa nyuma yake, simu mfukoni. Vifaranga wakitoka msiwabebe kwenda majini hata kama roho inauma kuwaona wakihangaika. Wao hufuata mwanga, kwa hiyo msaada wako ni kuzima wa kwako.

Ukifika Malindi, hifadhi iko upande wa Casuarina. Kama maji ni safi na umebakiza ada ya siku moja, zamia kesho yake maji yakikaribia kujaa.

## Ukirudi mikono mitupu

Kabla ya kuniandikia, pitia haya.

Hukuona kasa. Karibu mara zote ni moja kati ya mawili: ulitazama maji yakikupwa, au ulitazama asubuhi jua likiwa machoni. Rudia hatua ya 4 alasiri maji yakijaa. Kwenye bamvua utapata vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hujaa saa kumi jioni.

Pomboo hawakutokea. Uliza mlitoka saa ngapi. Mkitoka saa nne, mlikwenda kuogelea.

Maji yalikuwa machafu. Angalia kama kulinyesha juu ya Sabaki wiki ile, na upepo ulivuma kutoka wapi. Ikiwa ni bamvua, subiri siku nne, mkondo ukilegea mchanga utatua.

Ulikwama mwambani. Usijaribu kupita majini na begi mgongoni. Panda juu, piga filimbi, subiri ngalawa. Na kijana atakayekuokota mnunulie dafu, mimi niliona haya sana siku ile nikasahau.